Meno ya Mbwa Yatunzwe Kabla Hayajauma

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: jino bovu huuma, na mbwa aliyekasirika huuma. Watu huyasema hayo mawili kila siku bila ya kuyaweka pamoja. Lakini katika nyumba yenye mbwa mambo hayo ni majirani wa karibu sana, na si mara chache la kwanza ndilo linalozaa la pili. Mbwa mpole, aliyelala mlangoni miaka mingi bila ya kumdhuru mtu, aweza siku moja kumgeukia mtoto wa nyumba ile ile anayoilinda. Na chanzo chake kikawa jino ambalo hakuna aliyelitazama.

Yaliyompata koplo mmoja wa polisi, aliyekuwa akiishi kambini pamoja na mkewe na watoto wanne, yaweza kumpata askari yeyote. Koplo huyo alikuwa na mbwa aitwaye Simba, mwenye umri wa miaka 6, aliyezoea watu na aliyechanjwa kila mwaka. Siku moja mke wa koplo aliona uvimbe chini ya jicho la kulia la mbwa.

"Baba Watoto," alisema, "Simba amepigwa jiwe na watoto wa mtaani."

Waliuosha uvimbe ule kwa maji ya chumvi. Baada ya siku tatu ukapasuka, usaha ukatoka, na kidonda kikafunga. Nyumba nzima ikashukuru. Lakini mwezi ulipopita uvimbe ukarudi pale pale. Simba akaanza kutafuna kwa upande mmoja, akawa anaangusha posho chini, na udenda ukawa unamtoka. Kwa kuwa bado aliwabwekea wapita njia usiku, koplo alidhani kwamba hana ugonjwa mkubwa. Ndipo jioni moja binti wa mwisho, mwenye miaka 5, alipomkumbatia Simba kichwani kama ilivyokuwa desturi yake. Simba akapiga kelele, akageuka, akamuuma mkono.

Majirani walikusanyika. Mmoja wao akasema, "Afande, huyo ameshikwa na kichaa. Mpige risasi leo hii."

Koplo alifanya jambo la busara: alianza na mtoto. Mkono ulioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto akapelekwa hospitali, akaanza kuchomwa sindano za kinga siku hiyo hiyo. Simba alifungwa peke yake mahali penye kivuli, na afisa wa mifugo akaitwa. Kwa siku 10 mbwa aliangaliwa kwa mbali, akapewa maji na chakula laini, na hakuna aliyeruhusiwa kumshika. Siku hizo zilipotimia akiwa hai na mwenye akili zake, daktari wa wanyama alimlaza kwa dawa ya usingizi akamfungua kinywa. Gego kubwa la juu, upande wa kulia, lilikuwa limepasuka katikati, na mizizi yake ilikuwa imeoza. Uvimbe uliokuwa chini ya jicho haukutokana na jiwe la mtoto yeyote. Ulikuwa ni usaha wa jino ukitafuta njia ya kutokea.

Jino liling'olewa. Ndipo daktari alipomwuliza koplo swali moja tu: "Afande, mara ya mwisho ulipomtazama mbwa wako mdomoni ilikuwa lini?"

Koplo, ambaye kila asubuhi huvipiga viatu vyake rangi na ambaye hawezi kulala kabla hajaisafisha bunduki yake, hakuwa na jibu.

MBWA HASEMI

Mtu aumwaye na jino huamsha nyumba nzima. Mbwa sivyo. Kwa maumbile yake huficha maumivu, naye huendelea kula hata akiwa na kinywa kilichooza, kwa sababu njaa humshinda. Kwa hiyo ule usemi wa watu wengi, kwamba mbwa anayekula ni mzima, si wa kutegemewa. Mwenye mbwa atakayengoja mnyama wake akatae chakula ndipo amtazame, atakuwa amechelewa kwa miezi mingi.

Inafaa kwanza kuyajua meno yenyewe. Mbwa mdogo huota meno ya utotoni 28, ambayo huanza kuonekana akiwa na umri wa majuma matatu hivi. Meno hayo huanza kung'oka katika mwezi wa nne, na mbwa afikapo miezi 7 huwa amekwisha kupata meno ya ukubwani yote 42, yaani 20 juu na 22 chini. Kati ya hayo, 12 ni meno madogo ya mbele, 4 ni chonge, na 26 ni magego. Mwanadamu mzima hapati zaidi ya 32. Wakati wa kubadilisha meno mwenye mbwa na atazame kama jino la utotoni limebaki kando ya jino jipya. Meno mawili yakibanana mahali pa moja, mabaki ya chakula hunasa katikati, na jino la ukubwani huweza kuota upande. Hapo yafaa daktari aling'oe lile la zamani. Jambo hili huwapata zaidi mbwa wa aina ndogo, wale ambao sasa hufugwa na watu wengi wa mijini.

Mbwa hatobolewi sana meno na wadudu kama mtu. Adui yake ni mwingine, naye ni ukoga. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, utando laini wenye vijidudu hujipaka juu yake. Utando huo haushiki sana, na kitambaa kibichi chaweza kuuondoa. Lakini ukiachwa siku mbili au tatu, chumvichumvi zilizomo katika mate huanza kuugeuza uwe mgumu kama jiwe. Huo ndio ukoga wa rangi ya manjano au kahawia unaoonekana hasa kwenye magego ya juu, karibu na mahali mate yanapotokea. Ukoga ukiwa mgumu hauondoki kwa mswaki hata mtu akisugua kutwa.

Hasara haiishi hapo. Vijidudu huingia chini ya ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu, kisha huanza kuachana na jino. Mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo, jino hulegea, na mwisho huanguka au huoza. Kinywa chenye usaha wa siku nyingi hupitisha vijidudu katika damu, na waganga wa wanyama huuhusisha ugonjwa huu na madhara ya moyo, maini na figo. Mbwa wengi, wafikapo umri wa miaka 3 tu, huwa wamekwisha kuonyesha dalili za mwanzo za ugonjwa wa fizi.

DALILI ZA KUANGALIWA

Ishara ya kwanza ni harufu. Pumzi ya mbwa mzima hainukii kama maua, lakini hainuki uvundo. Watu husema, "Ndivyo mbwa walivyo," wakaizoea harufu hiyo kama mtu azoeavyo moshi wa jikoni. Kumbe ni kinywa kinachoomba msaada. Dalili nyingine ni hizi: fizi kuwa nyekundu mahali zinapokutana na meno badala ya kuwa na rangi yake ya kawaida, ambayo kwa mbwa wengine ni ya waridi na kwa wengine ina mabaka meusi, damu kwenye chakula au kwenye kitu alichotafuna, kutafuna kwa upande mmoja, kuangusha chakula, kujikuna uso kwa mguu wa mbele, kukataa kushikwa kichwani, na uvimbe chini ya jicho unaopona na kurudi. Uvimbe wa namna hiyo, kama ule wa Simba, mara nyingi hutokana na gego kubwa la juu, ambalo lina mizizi mitatu iliyofika karibu na jicho. Kulipaka dawa la nje ni sawa na kupiga rangi ukuta ambao msingi wake umebomoka.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kazi hii haihitaji fedha nyingi, yataka subira. Kosa la watu wengi ni kumshika mbwa kwa nguvu siku ya kwanza, kumpanua kinywa na kumtia mswaki. Mbwa aliyetendewa hivyo hukumbuka, na siku ya pili hukimbia. Yafaa afundishwe kwa hatua, na ikiwezekana tangu angali mdogo.

Juma la kwanza mwenye mbwa ampapase tu midomo kwa nje, jioni baada ya chakula, mnyama akiwa ametulia, kisha ampe sifa na kipande kidogo cha nyama. Juma la pili ainue mdomo wa juu na kuyagusa meno kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa safi cha pamba. Kitambaa hicho chaweza kuchovywa katika maji, au katika supu ya nyama isiyotiwa chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Juma la tatu asugue magego machache kwa kitambaa hicho. Juma la nne aweza kuanza kutumia mswaki mlaini wa mtoto, ambao utatengwa kwa ajili ya mbwa na kuwekwa mbali na miswaki ya watu.

Mswaki uinamishwe kidogo kuelekea ufizi, usogezwe kwa mizunguko midogo, pale hasa jino linapoingia katika ufizi. Hakuna haja ya kumpanua mbwa kinywa. Upande wa nje wa meno ndio unaoshika ukoga zaidi. Upande wa ndani husaidiwa na ulimi. Dakika mbili zatosha. Lililo bora ni kusafisha kila siku. Aliyeshindwa kabisa asipunguze chini ya mara tatu kwa juma, kwa kuwa utando haungoji siku ya mapumziko. Damu kidogo ya mara ya kwanza yaweza kuonekana kwa sababu ufizi umevimba. Lakini ikiendelea, au mbwa akionyesha maumivu, kazi isimame na daktari aulizwe.

Kazi hii ni ya mtu mzima ambaye mbwa amemzoea. Mtoto asipewe mswaki akaachwa peke yake na mbwa.

VITU VYA KUEPUKWA

Dawa ya meno ya watu isitumiwe. Mtu husukutua akatema. Mbwa hajui kutema, humeza yote. Floraidi iliyomo humdhuru akiimeza kwa wingi. Lililo baya zaidi ni kwamba baadhi ya dawa za meno, na pia baadhi ya ubani wa kutafuna, zimetiwa sukari ya namna ya pekee iitwayo zailitoli. Sukari hiyo haimdhuru mtu, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa haraka na yaweza kuharibu maini na kumwua. Mbwa aliyekula kitu cha namna hiyo apelekwe kwa daktari mara moja, bila ya kungoja dalili. Ipo dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa katika maduka ya dawa za wanyama. Asiyeweza kuipata asihuzunike: maji safi yatosha, kwa sababu kinachoondoa utando hasa ni msuguo.

Chumvi, majivu na mkaa uliosagwa, ambavyo baadhi ya watu husugulia meno yao, visitumiwe kwa mbwa. Chumvi humezwa ikamdhuru, na majivu na mkaa hukwaruza meno. Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu, kama vile ibuprofeni na parasetamoli, visitolewe hata kwa nia njema. Kipimo kinachomtuliza baba wa nyumba chaweza kumwua mlinzi wake.

JE, MFUPA HAUSAFISHI?

Wengi watasema kwamba mbwa wa babu zao hawakupigwa mswaki hata mara moja, nao walitafuna mifupa wakaishi. Ni kweli kwamba kutafuna huondoa sehemu ya utando. Lakini hakuna aliyewafungua vinywa mbwa hao akahesabu meno yaliyobaki, wala aliyewauliza kama yaliwauma. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali ambavyo hukwama kooni au hutoboa matumbo. Mfupa mgumu wa mguu wa ng'ombe nao hupasua jino lenyewe. Huenda ndio uliompasua Simba, maana kila Jumapili koplo alimletea mmoja kutoka buchani. Mawe ya kurushiwa ili adake hufanya vivyo hivyo.

Kipimo chepesi ni hiki: kitu ambacho ukucha wa mtu hauwezi kukitia alama hata kidogo, na ambacho kikigongwa kwenye goti kingeumiza, ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Karoti mbichi, au mpira mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa, vyafaa zaidi. Navyo ni vya kusaidia tu. Havichukui nafasi ya mswaki.

KAZI YA DAKTARI

Ukoga uliokwisha kuwa jiwe ni wa daktari wa wanyama. Yeye humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, akaukwangua kwa vyombo maalumu, juu ya ufizi na chini yake, akayatazama meno moja moja na kuyang'oa yaliyooza. Mtu asijaribu kuukwangua kwa kisu au bisibisi. Atalikwaruza jino, atakata ufizi, na uchafu uliojificha chini ya ufizi, ambao ndio mbaya zaidi, atauacha pale pale. Mbwa yafaa atazamwe meno na daktari angalau mara moja kwa mwaka, na siku ya chanjo ni siku nzuri ya kuyafanya yote mawili pamoja. Nchini Uganda madaktari wa wanyama hufunzwa katika Chuo Kikuu cha Makerere, na katika wilaya kuna maafisa wa mifugo. Aliye mbali na mji mkuu asidhani kwamba hana pa kuuliza.

Kwa mbwa wa kazi, wale wa polisi na wa jeshi, jambo hili lina uzito zaidi. Meno ya mbwa huyo ni chombo chake cha kazi. Mbwa wa kukamata wahalifu ambaye chonge yake imevunjika au ufizi wake unauma hawezi kushika kwa imara, naye huenda akamwachia mtu pale ambapo askari aliyefuatana naye anamtegemea. Anayemwongoza mbwa wa namna hiyo humkagua miguu na masikio kabla ya doria. Kinywa nacho kiwe katika ukaguzi huo.

ONYO MOJA

Kuna jambo ambalo halifai kusahauliwa. Udenda, kushindwa kumeza, utaya unaoning'inia na hasira ya ghafula ni dalili za kinywa kibovu, lakini ni dalili za kichaa cha mbwa pia, na kwa macho matupu mtu hawezi kuzitenganisha. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Kwa hiyo mbwa aliyebadilika ghafula, hasa asiyechanjwa, asitiwe mkono mdomoni ili kutafuta mfupa uliokwama au jino bovu. Afungiwe peke yake, ikiwa yawezekana bila ya hatari, na afisa wa mifugo aitwe. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo katika kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo, hata mbwa akiwa wa nyumbani.

Hapo ndipo faida ya kuzoea inapoonekana. Anayekifungua kinywa cha mbwa wake kila jioni, mbwa akiwa mzima, hujua rangi ya fizi zake, harufu ya pumzi yake na jino lililoanza kubadilika. Ataona upungufu siku ya kwanza, wakati bado ni jambo dogo la kumwambia daktari. Asiyekifungua kamwe hukutana na ugonjwa siku ambayo si salama tena kukifungua. Bunduki haisafishwi kwa sababu imeshika kutu; husafishwa ili isishike.

Simba alipona. Mkono wa mtoto nao ulipona, ijapokuwa alama ilibaki, na miezi kadhaa ilipita kabla binti huyo hajakubali tena kupita karibu na mlango ambako mbwa hulala. Tangu siku hizo, kila jioni baada ya chakula, koplo huketi kibarazani akiwa na mswaki wa mbwa mkononi. Mwanzoni binti alikuwa akitazama kutoka dirishani. Baadaye alitoka akasimama nyuma ya mama yake. Siku hizi yeye ndiye anayemshikia baba kikombe cha maji, akihesabu kwa sauti mpaka dakika mbili zitimie, naye Simba hutulia hadi hesabu iishe.